Nyumba ya Lita 100

Kabla sijapanda ndege kwenda Alicante, Baba alinipigia simu kutoka Umoja na kunipa ujumbe mmoja wa kumfikishia dada yake. "Mwambie Mama anauliza atakuja lini. Na umwambie ana kwa ana, usimwandikie." Nikasema sawa. Nilidhani ni kazi rahisi. Ilinichukua siku 19.

Shangazi hajakanyaga Kilifi tangu 2018. Sisi wa nyumbani tulikuwa tunamfuata kwa picha. Kila mwaka, kuanzia Desemba hadi Machi, kundi letu la familia la WhatsApp lilijaa bahari ya Uhispania. Shangazi na miwani ya jua. Shangazi na sahani ya samaki. Shangazi ameegemea gari refu jeupe lenye mapazia madirishani. Mumewe ni mzee wa Kijerumani, mstaafu, na walikutana Mtwapa. Wastaafu wengi wa Ujerumani, Uholanzi na Uingereza hukimbia baridi ya kwao kwa namna hiyo: wananunua gari lenye kitanda, jiko na choo, wanateremka hadi pwani ya Mediterania, wanakaa huko mpaka kwao kupate joto. Binamu zangu waliweka mioyo myekundu chini ya kila picha, kisha wakamwandikia pembeni kuomba karo.

Mimi nasoma Ujerumani. Februari, muhula ulipofungwa, Shangazi alinipigia. Mzee amegonga nguzo kwenye kituo cha mafuta, mara ya pili mwezi huo. Hawezi kuendesha tena, na yeye Shangazi hana leseni. Ningeweza kuja kuwaendesha? Leseni yangu ya Kenya ilishakuwa pambo tu. Ujerumani huikubali kwa miezi 6 ya kwanza baada ya kuhamia, halafu unarudi darasani kama mtoto. Nilikuwa nimefaulu mtihani wao mwezi mmoja kabla. Leseni ya gari dogo inakuruhusu kuendesha gari lenye uzito wa hadi kilo 3,500, na lile la kwao, urefu wa mita 7, lilikuwa papo hapo kwenye mstari.

Shangazi analiita Kobe, kwa sababu linatembea na nyumba yake na halina haraka.

Somo la kwanza lilikuwa maji. Tangi la Kobe hubeba lita 100. Humo mtoe maji ya kupika, ya vyombo, ya kuoga watu watatu, na ya Mzee anayesahau kufunga mfereji. Ikifika jioni ya pili, pampu inaanza kukohoa. Mimi mtoto wa Umoja nilidhani najua shida ya maji. Shangazi alinicheka, akanipa kopo na ndoo ndogo.

"Lita 4, mwanangu. Ukizidisha, kesho tutapika chai kwa machozi yako."

Yeye mwenyewe alioga kwa lita 3. Alilelewa na jerikani kichwani, akasema, ila hakujua wakati ule kwamba anafanyia mazoezi Ulaya.

Somo la pili lilikuwa choo. Choo cha gari hakina bomba la kwenda popote. Chini yake kuna sanduku la plastiki, kama la lita 18, unalolichomoa kupitia mlango mdogo ubavuni mwa gari. Unalikokota hadi kwenye kituo cha huduma cha magari ya aina hiyo, unamwaga, unasuuza, unatia dawa, unarudisha. Kila baada ya siku mbili. Hakuna anayepiga picha ya hiyo. Kabla sijafika nilidhani safari kama ile hupangwa na jua, na miji ya kale, na mahali samaki ni watamu. La. Ratiba yetu ilipangwa na lile sanduku: leo tutamwaga wapi, tutajaza maji wapi.

Somo la tatu lilikuwa kiti. Uhispania inatofautisha kuegesha na kupiga kambi. Gari likisimama mahali halali, kulala ndani yake ni shauri lako. Lakini toa kiti nje, tandaza turubai la kivuli, tayari umepiga kambi, na faini inaanza kunukia. Ufuoni kwenyewe ndiyo usiguse kabisa: sheria yao ya pwani, ya 1988, inakataza kuegesha magari na kupiga kambi kwenye fuo.

Katika mji mmoja mdogo Mzee alitoa kiti chake saa kumi na moja jioni, akaketi kutazama bahari. Haikupita robo saa, polisi wawili wakasimama mbele yetu. Shangazi akashuka na tabasamu, akakunja kiti, akamshika Mzee mkono, akaeleza kwa Kihispania chake cha sokoni kwamba mumewe ni mgonjwa na husahau. Polisi mkubwa akamtazama Mzee, akamtazama Shangazi, halafu akaniomba mimi pasipoti. Nikampa, pamoja na kibali changu cha kuishi Ujerumani. Akakigeuza mara mbili. Akasema tuondoke kabla ya giza.

Usiku ule, tukiwa tumejibanza kwenye maegesho ya kulipia kati ya Wadachi na Waingereza, nilianza kuhesabu anachofanya Shangazi kwa siku. Saa kumi na mbili asubuhi anampima Mzee sukari na kumpa dawa. Anamnyoa. Anaenda sokoni kabla maduka hayajafungwa kwa mapumziko ya mchana, maana ukichelewa saa nane utasubiri hadi jioni. Anapika kwenye jiko ambalo sufuria mbili zikikaa, ya tatu haina nafasi. Gesi ikiisha, mtungi wa Ujerumani haubadilishwi Uhispania, midomo haiingiliani, kwa hiyo alikuwa ametafuta kiunganishi na mtungi wa kwao wa rangi ya chungwa, akaufunga mwenyewe. Na usiku anafunga mlango kwa ndani na kulala na ufunguo chini ya mto. Kwa nini? Kwa sababu Januari, Mzee alitoka saa nane usiku bila viatu. Walimkuta kwenye kituo cha basi. Alikuwa anangoja matatu ya Mtwapa.

Tuliendelea kwenda magharibi. Ukishapita Almería, kushoto unabaki na bahari ya maji na kulia unapata nyingine ya plastiki nyeupe: mabanda ya kilimo, zaidi ya hekta 30,000 katika mkoa ule, yamesambaa mpaka miguuni mwa milima. Vijana wa Moroko, Mali na Senegali walitupita kwa baiskeli kando ya barabara. Mmoja aliona sura zetu kwenye kioo cha mbele, akapunga mkono. Nyanya ninazonunua Ujerumani katikati ya baridi hutoka humo ndani, nikamwambia Shangazi.

"Nyanya," akasema, macho yake yakiwa kwenye plastiki. Nikajua hazungumzii mboga. "Amekutuma, sivyo?"

"Hapana," nikajibu. Mpaka leo sijui kwa nini nilidanganya. Labda kwa sababu alikuwa amechoka. Labda kwa sababu nilikuwa nimekuja na swali lenye lawama ndani yake, na kila siku niliyokaa kwenye Kobe ile lawama ilizidi kukosa mahali pa kukaa. Eneo lenyewe ni dogo.

Siku ya 19 tulifika Tarifa, ncha ya kusini kabisa ya bara la Ulaya. Upepo wa pale haupulizi, unasukuma. Gari zima lilikuwa linayumba, vikombe vinagongana kabatini. Mzee alikuwa amelala. Tulishuka mimi na Shangazi, tukasimama nyuma ya ukuta, na ng'ambo ya maji kukawa na milima. Si wingu, milima kabisa. Kutoka pale hadi Afrika ni kilomita 14 hivi. Simu yangu ikatetemeka: imeshika mtandao wa ng'ambo, inanikaribisha Moroko.

Shangazi aliposoma akacheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Hata simu yako imefika kabla yangu."

Basi nikamwambia. "Shangazi, Nyanya anauliza utakuja lini."

Hakunijibu upesi. "Nikienda, nani atalala na ufunguo? Nikienda naye, ni saa nane hewani. Akiamka juu ya mawingu akataka kushuka? Nimpeleke nyumba ya wazee? Pensheni yake haifiki huko. Na yule ni mume wangu, mwanangu. Nilipougua mimi, aliniosha."

"Mbona hukutuambia?"

"Nimwambie Mama nini? Picha zilikuwa zake. Akiniona nacheka, nilidhani atalala usingizi."

"Hadhani unalia, Shangazi. Anadhani umemsahau."

Aligeuka akatazama ile milima. Upepo ukachukua leso yake nusu, akaidaka. Hatukuongea tena hadi chakula cha usiku.

Asubuhi tulienda kumwaga. Shangazi alikuwa na glavu za mpira, leso kichwani, lile sanduku mkononi, amejikunja upande mmoja kwa uzito. Alisimama ghafla. "Piga."

"Nipige nini?"

"Picha. Hivi hivi."

Nikapiga. Akaiweka mwenyewe kwenye kundi la familia, akafuatisha sauti ya dakika sita. Alisema yote: choo, dawa, nguzo ya kituo cha mafuta, matatu ya Mtwapa. Kundi likanyamaza. Karibu saa nzima hakuna aliyeweka moyo wala kicheko. Halafu ikaingia sauti kupitia simu ya binamu yangu mmoja, na nyuma yake jogoo wa Kilifi anawika. Alikuwa Nyanya.

"Kumbe uko kazini, mwanangu. Mimi nilidhani uko baharini."

Shangazi aliisikiliza mara tatu. Kisha akavua glavu, akafungua mfereji wa Kobe, akanawa mikono na uso, polepole, maji yakimiminika tu. Yalizidi lita 4. Sikusema kitu.

Mwezi wa nane muhula utakuwa umefungwa tena. Tumekubaliana nitahamia kwao wiki mbili. Amenifundisha kupima sukari, na jinsi ya kumjibu Mzee akianza kuulizia matatu usiku: usimwambie hakuna, mwambie ya saa hii imejaa, tungoje inayofuata. Baba amechangia nusu ya tiketi. Ufunguo nitalala nao mimi.