Chema Hakijiuzi

Nimelelewa Tanga, katika nyumba ya wafanyabiashara, na methali ya "chema chajiuza, kibaya chajitembeza" niliisikia kabla sijajua kusoma. Nilipoingia kwenye kazi ya kompyuta nikaikuta imenitangulia. Waandika programu wengi tunaamini kwamba msimbo mzuri hauhitaji mpiga debe. Ukishaandika kitu kikafanya kazi, basi. Matangazo, kalenda na kukumbushana ni shughuli za wasiojua kuandika msimbo. Niliamini hivyo kwa miaka, tena kwa majivuno. Huu ni ushuhuda wa jinsi imani hiyo ilivyonitoka.

Kazi yangu ya mchana ni kuangalia mitambo ya kampuni moja jijini Dar es Salaam. Mitambo hiyo inaendeshwa na Kubernetes, programu huria inayogawa kazi kwa kompyuta nyingi na kuhakikisha huduma hazilali. Google waliiweka wazi mwaka 2014, toleo la 1.0 likatoka Julai 2015, na sasa inatunzwa na watu wa kampuni na nchi nyingi; baadhi wanalipwa na waajiri wao, wengine wanajitolea. Mimi nilikuwa mtumiaji tu. Toleo jipya likitoka ninalipakua, ninasoma maelezo yake nusunusu, ninaendelea na shughuli.

Mwanzoni mwa Desemba 2020, siku chache kabla toleo la 1.20 halijatoka, ikaenea habari kwamba Kubernetes inaachana na Docker, chombo tulichokuwa tukifungashia karibu kila programu yetu. Mkuu wangu wa kazi akanipigia usiku: "Dada, hii maana yake tunaanza upya?" Wenzangu wa Nairobi na Kampala walikuwa wakiulizana hayo hayo. Ukweli ulikuwa mdogo kuliko kelele. Kilichotangazwa kuwa kitaondolewa baadaye ni dockershim, kipande cha msimbo kilichoiwezesha Kubernetes kuzungumza na injini ya Docker. Vifurushi tulivyokwisha kutengeneza vingeendelea kufanya kazi kama kawaida. Ilibidi watunzaji wa mradi watoe makala ya kuwatuliza watu, na kichwa chake tu kiliwaomba wasitaharuki.

Jambo hilo halikunitoka akilini. Siku ile hakuna mstari wa msimbo uliovunjika popote. Kilichotutikisa ni taarifa fupi, sahihi kabisa kiufundi, iliyotufikia kabla ya ufafanuzi wake.

Dockershim iliondolewa kweli katika toleo la 1.24, mwaka 2022. Katikati hapo mradi ulikusanya maoni ya watumiaji, ukaandika majibu ya maswali yaliyorudiwarudiwa, ukaonyesha njia za kuhama. Toleo lenyewe lilipangwa kutoka tarehe 19 Aprili. Ilipogundulika hitilafu isiyoweza kuachwa ipite, likasogezwa hadi 3 Mei, na tarehe mpya ikatangazwa. Siku lilipotoka, kwetu ofisini simu haikulia. Jambo lililotutia kiwewe lilipokuwa habari tu lilikuwa sasa limetokea, na sisi tunakunywa chai. Tulikuwa tumepewa muda, na muda huo kuna watu walioufanyia kazi. Nikataka kuwajua.

Nikagundua kwamba kila toleo la Kubernetes lina timu yake, inayoundwa upya kila mzunguko. Kuna kiongozi wa toleo, na chini yake wanaofuatilia maboresho, nyaraka, afya ya majaribio na mawasiliano. Kila upande una wanagenzi wanaojifunza kwa kufanya, na nafasi zao hupatikana kwa kuomba. Niliomba upande wa mawasiliano kwa sababu nilidhani ndio mwepesi. Nikakubaliwa.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba hakuna anayeweza kumwamuru mwenzake. Kazi imegawanywa kwa vikundi maalumu: mtandao, hifadhi ya data, usalama na vingine vingi, na kila kimoja kina wakuu wake. Kiongozi wa toleo hamlipi mtu wala hawezi kumfukuza mtu. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anaijua hali hiyo. Mwenyekiti hana mshahara wa kumkata mpishi wala mpambaji. Alichonacho ni tarehe iliyochapwa kwenye kadi. Kadi zikishatoka, kila mtu anajipanga kwa tarehe hiyo bila kusukumwa.

Kadi yetu ni kalenda ya toleo. Kwanza hufungwa orodha ya maboresho: kikundi ambacho pendekezo lake halijatimiza masharti siku hiyo hakimo. Baadaye hufungwa msimbo. Nyaraka zina tarehe zake, na makala za kueleza mambo mapya zina zake. Anayechelewa hatukanwi. Anaandika ombi la kuongezewa muda, akieleza kilichobaki, siku anazohitaji na hatari ya kukiingiza kitu dakika za mwisho. Timu ya toleo ikiridhika anapewa, isiporidhika anasubiri toleo lijalo.

Kusubiri huko ndiko kulikonifungua macho. Tangu mwaka 2021 matoleo ni matatu kwa mwaka, badala ya manne, kwa hiyo aliyekosa hili anapata nafasi miezi minne baadaye. Zamani niliona tarehe za mwisho kama fimbo. Humu nikaona zinamlinda anayejitolea. Kwa sababu toleo lijalo lina tarehe inayojulikana, hakuna haja ya kukesha ili kulazimisha kitu kibichi kiingie leo. Mradi usio na tarehe ndio unaochosha watu, maana kila siku inaweza kuwa ya mwisho.

Kazi ya mawasiliano haikuwa nyepesi hata kidogo. Ilinipasa kuwafuatilia waandishi wa makala walioko India, Ujerumani, Japani na California, wote wenye ajira zao. Saa peke yake ni somo. Alhamisi saa kumi na mbili jioni ya California ni Ijumaa saa kumi alfajiri kwetu wakati wa kiangazi chao. Wakirudisha saa nyuma, inakuwa saa kumi na moja. Sisi wa Ikweta saa zetu hazihami, kwa hiyo tarehe ileile hutusogelea na kutukimbia. Ongeza kwamba saa kumi yangu ndiyo 04:00 kwenye skrini. Sasa sipeleki muda bila kuuandika kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, na kwa saa ya anayeusoma.

Sikukuu nazo zina hesabu yake. Mwaka 2024 toleo la 1.30 lilitoka tarehe 17 Aprili, wiki moja baada ya Idi el-Fitri, maana yake lala salama ya mzunguko huo iliangukia Ramadhani. Hakuna kalenda ya dunia itakayowafaa watu wote. Ila mtu akisema mapema siku atakazokosekana, wengine wanajipanga, na swaumu yake haigeuki kuwa udhuru wa dakika za mwisho.

Nimebadilika hata namna ya kuandika ujumbe. Zamani ningeandika "nakukumbusha tu" na kuondoka. Sasa kwanza nasoma kazi ya mtu, kisha namweleza kinachotakiwa, nani mwingine anakisubiri, lini kwa saa yake, na kitakachotokea kisipofika. Majibu yanakuja upesi, kwa kuwa aliyeulizwa hana haja ya kubahatisha. Ofisini kwetu, hatuondoi huduma yoyote sasa kabla wanaoitegemea hawajaambiwa tarehe na njia ya kuhama. Vijana wangu mwanzoni waliniita karani. Siku hizi wao ndio wa kwanza kuuliza: "Nani bado hajui?"

Methali ya nyumbani kwetu huenda inafaa kwa maembe. Anayeegemeza biashara yake kwenye programu yako hanunui uzuri wa leo tu. Anahitaji kujua kesho utabadilisha nini, ili asije akaanguka. Kumwambia ni sehemu ya kuitengeneza programu hiyo.

Kwa hiyo nawasemesha vijana wa Afrika Mashariki wanaoitazama miradi huria kwa mbali, wakidhani mlango wake ni wa magwiji wa msimbo tu. Kama unaweza kusoma jambo gumu ukalieleza kwa lugha nyepesi, kutunza kalenda, na kumuuliza mtu mara ya tatu bila kumkera, una ujuzi ambao miradi mikubwa inauhitaji. Maombi ya uanagenzi hufunguliwa kila mzunguko mpya. Omba, na ukikosa, tarehe ya mzunguko unaofuata inajulikana.