Mashine Itakayopokea

Ruta ya intaneti ni ndogo mno kujitengenezea programu zake. Programu hizo hutengenezwa kwenye kompyuta kubwa, kisha hupelekwa huko zikiwa tayari. Kompaila ya kazi hiyo, yaani programu inayogeuza maandishi ya mtunzi kuwa amri za prosesa, hukaa kwenye mashine moja na kuitumikia nyingine, nayo pia lazima ijengwe kwanza. Anayeijenga kutokana na GCC, kompaila huria, hana budi kusema mapema: prosesa itakayopokea ni ya jamii gani, toleo lipi, ina kitengo cha hesabu za desimali au haina? Majibu ni mafupi, kama --with-arch=armv6 au --with-float=hard, lakini maktaba ya lugha ya C na kila kitakachofuata hufuata majibu hayo. Ukigundua mwishoni kwamba ulijibu vibaya, unarudi mwanzo.

Sisi wa Songwe tunayo reli inayolieleza jambo hili. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inapita Mlowo, Vwawa na Tunduma ikiwa na upana wa milimita 1067, ingawa reli ya kati ya wakati huo ilikuwa na 1000. Wajenzi walitazama inakokwenda: Zambia na kusini mwake reli zilikuwa za 1067. Ndiyo maana behewa linavuka kutoka Tunduma hadi Nakonde bila kuguswa, ilhali Kidatu, inakokutana na reli ya mita moja, mizigo hushushwa na kupakiwa upya.

Kuna namna mbili za kuikosea prosesa. Ukiidhania ina uwezo isiokuwa nao, programu inakutana na amri isiyojulikana na kufa papo hapo. Ukiidharau, programu inatembea, ila polepole, na hakuna anayelalamika kwa sababu hakuna anayejua kilichopotea. Hili la pili ndilo linaloniumiza zaidi.

Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi ilipotoka mwaka 2012 ilikumbwa na yote mawili. Prosesa yake ilikuwa ya ARMv6, yenye kitengo cha desimali. Debian, mfumo endeshi wa Linux, ilikuwa na toleo lililotumia kitengo cha namna hiyo, lakini lilidai ARMv7; lile la wanyonge liliikubali, likafanya hesabu za desimali kana kwamba kitengo hakipo. Mike Thompson na Peter Green wakaamua kuvijenga upya maelfu ya vifurushi kwa kipimo cha kifaa hicho kidogo, nayo Raspbian ikazaliwa. Naiheshimu sana kazi hiyo. Ingekuwa rahisi kuwaambia watu wasubiri kifaa chenye nguvu zaidi.

Shule zetu zinafanya makosa hayohayo. Mtoto anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza na kukuta masomo karibu yote kwa Kiingereza. Ananyamaza. Tunasema hana akili, wakati amri aliyopewa ndiyo asiyokuwa nayo. Upande wa pili yuko kijana wa mpakani Tunduma anayegeuza kwacha kuwa shilingi kichwani kabla hujatoa simu mfukoni, na kazi anayopewa kila siku ni kubeba magunia. Hakuna anayemhesabia hasara kwa sababu magunia yanafika.

Prosesa ya kompyuta yenye Linux unaweza kuiuliza yenyewe: fungua /proc/cpuinfo, itakutajia uwezo wake kwa mstari mmoja. Mtu naye anastahili kuulizwa. Kijana akija kwangu kujifunza kuandika programu, kwanza namwomba anionyeshe hesabu anayoifanya kila siku bila kufundishwa. Mmoja alinionyesha anavyopiga chenji. Tukaanzia hapohapo, kwa Kiswahili. Programu yake ya kwanza ilibadili kwacha kuwa shilingi, na ilipotoa senti zisizolingana na zile za kichwani mwake, akataka kujua prosesa inazihifadhi vipi desimali.