Peachum Avuliwa Wigi

Mara ya kwanza tulipoigiza The Beggar's Opera, katika ukumbi wa kanisa kusini mwa London, tulipendeza kupita kiasi. Wezi tulivaa mawigi na mashati ya lesi, makahaba wakajipepea kwa madaha. Watazamaji, wengi wao jamaa zetu, walishangilia. Hakuna aliyeudhika, na hilo ndilo lililonikera. John Gay alipoutoa mchezo huu mwaka 1728, watu walimwona waziri mkuu, Robert Walpole, humo humo katika kundi la wezi. Mchezo uliofuata, Polly, ulipigwa marufuku kabla ya kupanda jukwaani.

Nyimbo nazo zilituponza. Gay alichukua tuni zilizokuwa midomoni mwa watu akazipachika maneno mapya, kama wanawake kwetu wanavyogeuza wimbo wa harusi kumpiga jirani kijembe. Kijembe huchoma kwa sababu tuni unaijua. Mwingereza wa leo ataitambua Greensleeves. Nyingi zilizobaki kwake ni muziki wa makumbusho.

Miaka kadhaa baadaye tukairudia na mwongozaji mwingine, nami nikapewa Peachum, mpokeaji wa mali za wizi. Mchezo unaanza naye yuko mezani, mbele yake kitabu kikubwa cha hesabu. Mwongozaji, mama asiye na masihara, akanivua wigi, akanipa koti la ofisini, tai na penseli. “Usiigize ubaya,” akaniambia. “We piga hesabu tu.” Basi penseli ikateremka jina baada ya jina: huyu analeta saa na vikopo vya ugoro, aachwe, yule mvivu, atolewe kwa serikali anyongwe. Kichwa cha mwizi kilikuwa na zawadi ya pauni 40. Wala Gay hakuyabuni yote: Jonathan Wild alifanya biashara hiyo hiyo London, hadi aliponyongwa yeye mwenyewe mwaka 1725.

Safu ya mbele bwana mmoja akaropoka, “Huyo bosi wangu!” Ukumbi mzima ukacheka, ila wawili watatu waliovaa tai kama yangu walichelewa kidogo.

Tulichogombania ni mwisho. Vijana walitaka Macheath, kiongozi wa majambazi, anyongwe kweli, eti ndiyo haki. Mama akakataa katakata: Gay anamwokoa jambazi kwa sababu tu opera sharti iishe kwa furaha, na anamfanya mtunzi aliyemo mchezoni akiri hivyo mbele ya watu. Tukamwokoa, tukacheza ngoma kwa kelele zote.