Usimtumie Pinin kama sababu ya kuacha campo

Kuna stori inapendwa sana kwa simu zetu. Mtu anaacha shule, anadharauliwa na kila mtu, halafu anaomoka. Mwisho wake ni picha ya gari ya bei. Na juu mimi niliacha campo mwaka wa pili, karo iliponishinda, watu hunitumia hizo stori kama zawadi. "Ona bro, kama wewe tu."

Mwezi jana mmoja akanitumia ya mzee Mwitaliano anaitwa Pinin Farina. Aliingia gereji akiwa mtoi, hakurudi darasani, na miaka ikipita akawa ndiye anavisha Ferrari bodi. Chini yake huyo mfuasi akaandika: "Niko first year. Si na mimi niache tu?"

Wasee, hilo si swali la kujibu na emoji. Huyo ni mtoto wa mtu, na pengine kuna mama mahali ameuza shamba. Nikamwambia anipe wiki mbili nisome kwanza. Nikanunua bando, nikaingia ndani ya historia ya huyo mzee. Haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanze na kazi yenyewe. Zamani hizo Ulaya, ukiwa na pesa hukununua gari zima kila mara. Ulinunua chasisi, yaani fremu, injini na magurudumu, ukaipeleka kwa watu wa bodi. Waitaliano huita karakana hiyo carrozzeria. Mafundi waligonga mabati kwa nyundo, wakiyapima juu ya umbo la mbao, mpaka yakapinda vile mchoro ulitaka. Ukitaka kuelewa haraka, fikiria venye basi na matatu zetu nyingi hutengenezwa hapa Nairobi. Chasisi inafika bila mgongo, inaingia kwa mafundi wa bodi, inatoka na viti, madirisha na sura. Ni kazi ya ukoo mmoja.

Battista Farina alizaliwa 1893 huko Cortanze, kaskazini mwa Italia, kwa familia ya watoto 11. "Pinin" ni jina la utani la kwao, maana yake ni kama "kadogo". Akiwa umri wa darasa la sita hivi, alianza kazi Torino kwa karakana ya kaka yake mkubwa, Giovanni. Karakana iliitwa Stabilimenti Farina.

Video zote nilizotazama zinaruka hapa. "Akaacha shule, akafungua kampuni yake 1930." Ngoja kwanza, piga hesabu. Kutoka darasa la sita hadi 1930 ni zaidi ya miaka ishirini. Kwa hiyo miaka ishirini na kitu mzee alikuwa chini ya mtu mwingine: akifagia, akichora, akigonga mabati, akiona wateja wakikataa kazi, akijua bati gani linapasuka ukililazimisha. 1920 alisafiri hadi Marekani kuangalia Detroit wanavyotengeneza magari kwa wingi, na yeye mwenyewe alisimulia kuwa Henry Ford alimpa kazi. Akarudi nyumbani. Alipofungua Carrozzeria Pinin Farina alikuwa na miaka 36, na nyuma yake alikuwa Vincenzo Lancia, mwenye kampuni ya magari ya Lancia, akimuunga mkono. Hiyo si stori ya mtu aliyeamka asubuhi akaamua "leo nafuata ndoto yangu".

Halafu nikaanza kuangalia nani mwingine alipitia kwa Giovanni. Maze. Alfredo Vignale, aliyekuja kuwa na karakana ya jina lake. Giovanni Michelotti, mmoja wa wachoraji wa magari waliofanya kazi nyingi zaidi karne iliyopita. Mario Boano. Pietro Frua. Hawa wote ni majina makubwa ya magari ya Italia, na wote walishika penseli au nyundo ndani ya Stabilimenti Farina. Karakana yenyewe ilifungwa 1953, na leo wengi hawajui hata iliwahi kuwepo. Lakini hiyo ndiyo ilikuwa campo yao. Haikuwa na geti wala kofia za graduation, ila ilikuwa na walimu, mitihani ya kila siku, na wenzako wa kushindana nao.

Kwa hiyo mtu akiniambia Pinin "hakusoma", mimi nasema alisoma sana. Alisomea mahali hawatoi karatasi.

Na kuna kitu kingine kilinifanya niweke simu chini nifikirie. Pinin alikuwa na kijana wake, Sergio. Kama kweli mzee aliamini shule ni kupoteza wakati, si angemtupa kijana gereji moja kwa moja? Sergio alisomea uhandisi wa mitambo Politecnico di Torino, akafuzu 1950, ndipo akaingia kazi ya familia. Hata Giovanni, yule kaka mkubwa, alikuwa na mtoto anaitwa Nino Farina. Huyo Nino alifika hadi chuo kikuu, watu wakamwita "Dottore", na 1950 akawa bingwa wa kwanza kabisa wa dunia wa Formula One. Yaani mzee wa nyundo alipopata uwezo, alimpatia mtoto wake vyote viwili, nyundo na digrii. Hii sehemu hautaiona kwa zile video za "school ni scam".

Sasa utaniuliza, mambo ya Torino yanatuhusu nini sisi? Uliza mzee yeyote nyumbani kwenu kuhusu Pijo. Peugeot 404. Peugeot 504. Zile gari zilibeba watu kwenda ushago, zikabeba wagonjwa, maharusi na majeneza. Nembo yake ni ya Ufaransa, lakini umbo lilitoka kwa karakana ya Pinin. Peugeot walianza kuuza magari yenye mkono wake na 403 mwaka 1955, ikafuata 404 mwaka 1960, na 504 mwaka 1968. Kwa Safari Rally, 404 ilishinda 1963, mwaka ule magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza. Ikashinda tena 1966, 1967 na 1968. 504 ikachukua 1975, halafu 504 Coupé ikachukua 1978. Na bodi za hizo Coupé zilitengenezwa huko huko kwa Pininfarina, ndipo zikapelekwa Ufaransa kuwekwa injini. Kumbe ile shepu iliyokula vumbi letu hadi kwenye utepe ilizaliwa kwa watu wa mabati wa Torino.

Na hata hapo, mkono si wa mtu mmoja. Mchoro wa 504 unatajwa kuwa wa Aldo Brovarone, mfanyakazi wa Pininfarina, huyo huyo wa Ferrari Dino. Jina lake halikuwa kwa ukuta. Zile stori za "alitoboa peke yake" huwa zimefuta watu. Ukifungua yoyote ndani utakuta kaka mkubwa, mwenye pesa aliyeamini, mchoraji wa usiku, na fundi ambaye hata mtandao haumjui.

Si ati nataka kumshusha mzee. Alikuwa na roho. 1946, vita vimeisha juzi, maonyesho ya magari ya Paris yalikataa Waitaliano. Yeye na Sergio wakaendesha magari mawili kutoka Torino hadi Paris, Alfa Romeo moja na Lancia moja, wakayaosha, wakayapaki nje ya jumba la maonyesho. Kila aliyeingia ilibidi ayaone. 1951 gari lake la Cisitalia 202 lilikuwa kati ya magari manane tu yaliyowekwa kwa maonyesho ya jumba la sanaa la MoMA, New York. Mwaka huo huo yeye na Enzo Ferrari walitaka kufanya kazi pamoja, lakini kila mmoja alikuwa na kiburi cha kutoenda kwa mwenzake, basi wakakutana hotelini Tortona, katikati ya njia. Kazi iliyotoka hapo ilidumu zaidi ya miaka sitini. Na 1961 rais wa Italia aliidhinisha jina la utani liunganishwe na la ukoo, familia nzima ikawa Pininfarina. Hebu fikiria jina lako la mtaa linaingia kwa kitambulisho.

Lakini angalia kitu kimoja. Magari yote haya yalikuja baada ya ile miaka ishirini.

Na stori haikuishia kwa picha ya gari ya bei. Pinin alifariki 1966. Miaka ilivyoenda, viwanda vikaanza kujichorea vyenyewe, kazi za nje zikapungua, madeni yakapanda. 2008 Andrea, mjukuu aliyekuwa akiongoza kampuni, alifariki kwa ajali akiwa kwenye Vespa yake. 2015 kundi la Mahindra la India likakubali kununua hisa za familia. Jina bado liko, ila mwenye nalo ni mwingine. Maisha huendelea baada ya video kuisha.

Basi nilimjibu nini yule wa first year? Nilimwambia hivi. Mimi nilitoka campo kwa sababu ya pesa, na kutoka hakukunisaidia chochote. Kilichonisaidia ni jamaa mmoja wa kupiga video za harusi aliyenikubali. Miezi kumi na nne nilimbebea tripodi Thika, Machakos, hadi Embu. Jioni alinikalisha kando yake nione venye anakata video, na nikiuliza swali la kijinga alijibu. Mimi nilihama darasa tu. Kuna wenzangu tuliotoka nao wakati mmoja, wana akili kunishinda, lakini hakuna aliyewashika mkono. Wengine wao mpaka leo wanatafuta mlango.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si "niache ama nisiache". Jiulize, nikitoka hapa Ijumaa, Jumatatu nitakuwa chini ya nani? Ananifundisha nini? Akinikosoa, atakuwa anajua anachosema? Kama una jina la mtu, mahali, na kazi unayoweza kuishika kwa mikono, hapo tunaweza kuongea, na uongee na wazazi pia. Kama jibu ni "nitajipanga tu", buda, maliza hiyo semista.

Na wewe ambaye hukuwahi kuona geti la campo, uko Grogon sahii na nyundo mkononi, mkubwa wako anakupigia kelele juu umepiga bati vibaya: usikubali mtu akuambie hujasoma. Muulize mkubwa wako nani alimfundisha, na huyo naye alifundishwa na nani. Andika hayo majina. Ya Torino tunayajua juu kuna mtu aliyaandika.

Kwa komenti nataka jina moja tu: ni nani alikufundisha kazi unayofanya?