Kanisa la Nyegina na Miaka Minne ya Kungoja

Mtu atokaye Musoma kwenda Nyegina hupita kati ya mawe makubwa ya matale, mengine yamebebana kana kwamba yamepangwa kwa mikono. Katika nchi hiyo Mapadre Weupe walifungua misioni mwaka 1911, zamani za utawala wa Wadachi. Shirika lao liliundwa na Askofu Mkuu Lavigerie huko Algeria mwaka 1868, nao walikuwa wamekwisha fika Bukumbi, karibu na Mwanza, tangu mwaka 1883.

Lavigerie aliwaachia mapadre wake amri moja ngumu, kwamba mtu asibatizwe upesi, bali afundishwe na kujaribiwa muda wa miaka minne. Wengi walinung'unika, walakini mimi naona kwamba makanisa ya misioni za kale yalijengwa kwa akili ile ile. Kwanza lilisimamishwa banda la miti na udongo, likaezekwa nyasi. Baadaye udongo ulikandwa, ukatiwa katika kalibu, matofali yakaanikwa kivulini, kisha yakachomwa katika tanuru. Tofali lisilokauka vema hupasuka motoni, na fundi hulitupa. Kuta zilifanywa nene, maana hazikuwa na chuma ndani ya kuzishika, na juu ya madirisha fundi alipinda upinde ili uzito ugawanyike huku na huku. Birika la ubatizo liliwekwa karibu na mlango, kwa kuwa ubatizo ndio mlango. Na altare mwisho kabisa, mbali na aingiaye.

Mfano wa kungoja huko twaujua sote. Julius Nyerere, mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki wa Butiama, aliingia shule ya Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934, akaanza kusikia mafundisho ya dini angali mtoto. Baba yake alifariki mwaka 1942. Naye akabatizwa Nyegina mwezi wa Desemba 1943, akiwa mtu mzima mwenye kujua alitendalo. Alipozikwa Butiama mwaka 1999, miaka zaidi ya hamsini ilikuwa imepita, na ahadi ile alikuwa ameishika.

Sasa Wakristo wa Mara ni wengi. Jimbo la Musoma liliundwa mwaka 1957, na mwaka 2010 likaundwa la Bunda. Makanisa ya kale hayatoshi, na mara nyingi nasikia watu wakisema, "Livunjwe, tujenge jipya." Kujenga jipya ni haki, maana watu hawawezi kusali juani. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao: penye nafasi, la kale litengenezwe, nalo litengenezwe kwa maarifa. Ukuta wa tofali la kale ukipakwa saruji ngumu, unyevu hufungwa ndani na tofali huoza. Lipu ya chokaa huuacha ukuta upumue.

Nanyi wazazi na walimu, mtoto anaponung'unika kwamba mafundisho ya komunyo ni marefu, msimwombee kwa padre apunguziwe. Mpelekeni katika kanisa la kale, aweke mkono wake ukutani, mkamweleze jinsi tofali lilivyofanywa.