Bwana Nyama na Dungu la Mama

Kwetu ni Lionja, katika Wilaya ya Nachingwea. Katika utoto wangu nililala usiku mwingi juu ya dungu, debe mkononi, nikilinda mtama usiliwe na tembo. Katika utu uzima wangu nilikula mshahara wa kuwalinda tembo hao hao. Mambo haya mawili yameishi moyoni mwangu kama wake wenza katika nyumba moja.

Kazi ya bwana nyama katika upande huu wa kusini ilitengenezwa sana na mtu mmoja, Ionides, Mwingereza mwenye nasaba ya Kiyunani, aliyewahi kuwa jangili wa tembo yeye mwenyewe. Aliingia katika Idara ya Wanyama ya Tanganyika mwaka 1933, akakaa Liwale, na kwa ustadi wake wa kukamata nyoka akaitwa Bwana Nyoka. Katika miaka ya 1940 watu wengi wa Liwale walihamishwa kwa sababu ya malale, na ardhi waliyoiacha ikaongezwa katika Pori la Akiba la Selous. Yeye alitaka tembo wawe na kwao, watu wawe na kwao, na baina yao uwe mpaka. Alifariki mwaka 1968, akazikwa katika pori lile lile.

Sina ulimi wa kumtukana, wala wa kumsifu kwa yote. Pori hilo liliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1982. Katika miaka ya 1970 tembo wake walizidi 100,000. Mwaka 2013 walihesabiwa wapatao 13,000 tu, waliosalimika na bunduki za majangili. Kama ningaliisikia hesabu ile nisihuzunike, nisingalistahili kuvaa sare.

Lakini kuna hesabu nyingine isiyoandikwa. Mwaka mmoja tembo waliingia shamba la mama yangu siku chache kabla ya mavuno. Nilifika alfajiri, si kama mwana, bali kama ofisa. Nilipima uharibifu kwa hatua, nikajaza fomu ya kifuta jasho. Mama alikuwa ameketi kando ya dungu lililovunjwa, akinitazama.

"Mwanangu," alisema, "umehesabu mashina yaliyolala. Je, umehesabu siku tutakazolala na njaa?"

Sikuwa na jibu. Fedha zilikuja baada ya mavuno mengine, nazo zilikuwa haba kuliko jasho lenyewe.

Tangu siku ile, kila nilipoitwa shambani nilitanguliza pole, kalamu ikafuata. Na kila kijana aliyeletwa kwangu kujifunza kazi nilimpeleka kwanza juu ya dungu, nikampa debe, nikamwacha hapo hata alfajiri. Mpaka uliochorwa katika karatasi tembo hausomi. Anayeusoma ni mkulima, naye huusoma gizani, peke yake. Asiyewahi kuketi naye gizani humo atawezaje kumwomba awapende tembo?