Hadithi za Kutisha Msimu wa Vuli: Tafakuri kutoka Bukoba na Muleba

1.0 Utangulizi

Katika nchi za kaskazini ya dunia, hasa Uingereza na Marekani, usomaji wa hadithi za kutisha umefungamana na majira ya majani kupukutika. Ifikapo Oktoba, siku zinapofupika na baridi inapoanza, wasomaji huvirudia vitabu kama Frankenstein cha Mary Shelley (1818) na Dracula cha Bram Stoker (1897), na tarehe 31 ya mwezi huo watoto huvaa mavazi ya mizuka. Mtafsiri anayetafuta neno la Kiswahili la majira hayo mara nyingi huandika "vuli". Kwa upande wa hali ya hewa, tafsiri hiyo ina kasoro: vuli ni msimu wa mvua za Oktoba hadi Desemba, na wakati huo mimea huchipua badala ya kupukutika. Hata hivyo, katika ufuko wa magharibi wa Ziwa Viktoria kasoro hiyo ina ukweli wake. Huko pia vuli huwafungia watu ndani ya nyumba mapema, na watu waliofungiwa ndani husimuliana hadithi.

Ikumbukwe kwamba Frankenstein yenyewe ilizaliwa na mvua. Mwaka 1816, baada ya mlipuko wa volkano ya Tambora wa mwaka 1815 kuvuruga majira ya dunia, Mary Shelley na wenzake walizuiwa na mvua ndani ya nyumba karibu na Geneva. Wakasomeana hadithi za mizuka, kisha wakashindana kutunga za kwao.

Makala haya yanajadili swali moja. Msomaji wa Kagera anaposoma hadithi ya kutisha wakati wa vuli, huogopa nini hasa, na hofu hiyo inamfunza nini? Mfano unaotumiwa ni wa nyumba moja ya kijijini wilayani Muleba, mwezi Desemba 2022, ambamo mjukuu alimsomea bibi yake riwaya.

2.0 Vuli, Kibanja na Ziwa

Mji wa Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Masika ndiyo yenye mvua kubwa zaidi, lakini vuli ina tabia yake: ngurumo hutoka ziwani usiku wa manane na kufika nchi kavu kabla ya alfajiri. Ndio msimu wa senene, ambapo watu hukesha penye taa wakiwakamata, na ndio msimu wa wanafunzi kurudi nyumbani kwa likizo ya mwisho wa mwaka.

Nyumba ya Mhaya imezungukwa na kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni linalofika karibu na ukuta. Usiku wa mvua, majani ya migomba hupiga kelele ambayo mgeni hudhani ni nyayo za watu. Humo kibanjani ndimo wanamozikwa wafu wa nyumba hiyo. Nje ya vibanja kuna rweya, uwanda wa majani usio na mwenye nyumba, na mbele ya rweya kuna ziwa. Katika imani za jadi za Wahaya, nyika ilikuwa na mwenyewe, Irungu, na ziwa na dhoruba zake vilikuwa na mwenyewe, Mugasha. Kwa hiyo hofu ilipewa makazi, na makazi hayo hayakuwa kaburini. Wafu waliolala kibanjani walikuwa watu wa nyumbani.

Jambo hili lina athari kubwa katika usomaji. Sehemu kubwa ya hadithi za kutisha, za kigeni na za Kiswahili, huchukulia kwamba makaburi ni mahali pa mbali, ambapo mtu mwenye akili timamu hendi usiku. Msomaji wa Muleba hupita makaburini akienda kukata ndizi. Kinyume chake, ziwa ambalo mtalii hulipiga picha halimpi usingizi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya abiria wakafa. Tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi ya hali mbaya ya hewa, ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani ikikaribia uwanja wa Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki. Mwezi uliofuata, watu wa Bukoba na Muleba waliposikia ngurumo za ziwani, hawakuhitaji kitabu ili waogope.

3.0 Usomaji wa Nyumba Moja

Ndipo msichana wa kidato cha tatu aliporudi Muleba kutoka shuleni Bukoba akiwa na nakala iliyochakaa ya Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyotoka mwaka 1960. Bibi yake, mwenye umri wa miaka sabini na ushei, alikuwa na mtoto wa jicho na hakuweza kusoma maandishi madogo. Kila usiku, baada ya chakula, mjukuu alisogeza taa ya sola na kusoma kwa sauti kubwa kuishinda mvua iliyopiga bati.

Alipofika mahali ambapo maiti inakutwa kwenye makaburi ya kale, msichana alishusha sauti kama walivyofundishwa darasani. Bibi hakushtuka.

"Wafu hao wanatisha nini, mjukuu wangu? Si watu wa hapo hapo?"

"Waitu bibi, hapo ni makaburini."

"Na babu yako amelala wapi?"

Kaburi la babu lilikuwa hatua kumi na tano kutoka dirishani. Msichana alicheka, akaendelea kusoma. Bibi akamkatiza tena, safari hii kwa swali lingine: "Aliyemuua ni nani?"

"Bado hawajasema, bibi."

"Basi nitakwambia mimi."

Akamtaja mhusika mmoja na kutoa sababu zake. Usiku wa pili riwaya ilimwondolea mhusika huyo hatia, bibi akamtaja mwingine. Usiku wa tatu vivyo hivyo. Usiku wa nne, msichana alipofunga kitabu, bibi alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akasema: "Nimekwisha wahukumu watu watatu, na wote hawakuwamo."

Kauli hiyo ndiyo kiini cha makala haya. Lakini kabla ya kuifafanua, inafaa kutazama jinsi lugha yenyewe inavyoipangia hofu mahali pake.

4.0 Ngeli za Hofu

Kitenzi -tisha kina umbo la kauli ya kutendesha: maana yake ni kumfanya mtu aogope. Mzizi wake umo katika kitenzi -cha, ambacho katika Kiswahili cha leo kimebaki hasa katika maneno ya ibada, kama vile kumcha Mungu na mchamungu. Lugha za magharibi ya ziwa zimeuhifadhi mzizi huo katika matumizi ya kila siku: Waganda husema okutya kwa maana ya kuogopa na okutiisa kwa maana ya kutisha, na Wahaya husema okutina. Kwa maneno mengine, Kiswahili kimempa Mungu kitendo cha kuogopwa, na kitendo cha kuogofya kikaachiwa viumbe na hadithi. Mtoto wa Muleba aliyelelewa kwa lugha mbili husikia katika moja habari ya anayeogopa, na katika nyingine habari ya anayetisha.

Hali kadhalika mpangilio wa ngeli una la kusema. Majina mengi ya vitu vya kuogofya yamo katika ngeli ya M-/MI-: mzimu na mizimu, mzuka na mizuka, msukule na misukule. Ngeli hiyo haihusu uovu peke yake, kwani miungu na mitume pia wamo humo. Ni makazi ya nguvu zinazompita binadamu. Msukule ni mfano wa kuhuzunisha zaidi. Inasimuliwa kuwa ni mtu aliyechukuliwa akili na mchawi ili amtumikie huku nduguze wakidhani amekufa. Akiwa mtu, wingi wake ni watu. Akiwa msukule, wingi wake ni misukule. Amehamishwa ngeli pamoja na utu wake. Aliyemfanya hivyo, mchawi, amebaki katika M-/WA- pamoja na mzazi, mwalimu na jirani.

Neno mumiani nalo limesafiri, ila kwa njia nyingine. Asili yake ni jina la kitu, dawa nyeusi kama lami iliyouzwa katika pwani ya Bahari ya Hindi. Baadaye likawa jina la mtu anayeaminiwa kuwanyonya watu damu. Uvumi wa namna hiyo ulienea Afrika Mashariki nzima wakati wa ukoloni, na mwanaanthropolojia Brad Weiss ameandika kuhusu sura zake miongoni mwa Wahaya. Kitu kimekuwa mtu. Uvumi hufanya hivyo mara kwa mara: hukutana na jambo lisiloeleweka na kulipa uso wa mtu anayejulikana.

5.0 Nini, Kisha Nani

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Kabla ya jina la kitabibu kuenea, maradhi hayo yaliitwa Juliana, jina la vazi la fasheni lililohusishwa na biashara ya mpakani na Uganda. Watu walikonda na kufa wakiwa vijana, na vibanja vikajaa makaburi mapya. Wengi hawakuuliza ni nini kinachoua. Waliuliza ni nani.

Katika kibanja cha bibi huyo kulikuwa na makaburi matatu ya miaka iliyokaribiana: la mumewe na ya wadogo wawili wa mumewe. Wakati huo jibu la swali la "nani" lilipatikana upesi. Lilikuwa jirani, mjane ambaye kibanja chake kilipakana na chao kwa mstari wa mirumba. Hakuna aliyemshtaki mbele ya baraza, na hakuna aliyemgusa. Walichofanya ni kuacha kumwamkia, kuacha kupokea kitu kutoka mkononi mwake, na kuwakataza watoto kupita kwake. Mjane huyo naye alizika wanawe wawili, lakini hata hilo lilihesabiwa kuwa ushahidi dhidi yake. Baadaye wataalamu wa afya walieleza virusi na njia za maambukizi, na bibi akaelewa. Maamkizi hayakurudi. Kuelewa jambo hakutengui hukumu ambayo haikuwahi kutamkwa.

Hapa ndipo hadithi ya kutisha na uvumi vinapoachana, ijapokuwa vyote viwili hutumia giza, damu na maiti. Uvumi humpa msikilizaji jibu kabla ya swali, tena hauna ukurasa wa mwisho ambapo unaweza kusutwa. Riwaya kama ya Muhammed Said Abdulla huanza na mzimu na kumwacha msomaji adhani kwamba mzimu umeua. Kisha, kwa uvumilivu wa Bwana Msa, humwonyesha kwamba mizimu haiui, na kwamba kila jina alilokimbilia lilihitaji kwanza kupimwa. Msomaji hubeba hofu yake usiku baada ya usiku bila kumtwika mtu. Wahakiki waliokuwa wakiidharau riwaya pendwa kwa kukosa uzito wa dhamira huenda hawakulipima zoezi hilo ipasavyo.

Mwezi Machi 2023 Bukoba Vijijini ilipata zoezi kama hilo nje ya kitabu. Tarehe 16 serikali ilitangaza ugonjwa usiojulikana uliokwisha kuua watu watano. Tarehe 21 maabara ikathibitisha kuwa ni Marburg. Siku hizo tano hofu ilikuwapo bila jina. Jibu la "nini" lilipopatikana, watu waliokutana na wagonjwa waliweza kufuatiliwa, na mlipuko ukaishia kwa wagonjwa tisa na vifo sita.

Lakini mafunzo hayajakamilika. Mwaka 2024, wilayani Muleba, mtoto mdogo mwenye ualbino alichukuliwa kutoka nyumbani kwao na baadaye akakutwa ameuawa. Mauaji ya aina hii, yaliyoitikisa Kanda ya Ziwa tangu miaka ya 2000, yana hadithi nyuma yake, nayo ni hadithi ya utajiri unaotokana na viungo vya binadamu. Yana msamiati pia. Waathirika waliitwa zeruzeru, jina lisilo na kiambishi cha mtu, na katika biashara hiyo waliitwa dili. Kabla ya mwili kufikiwa, lugha ilikuwa imekwisha mwondoa mtu katika ngeli ya watu. Katika kesi kama hiyo swali la "nani" ni la lazima, na mahali pake ni mahakamani, penye ushahidi.

6.0 Hitimisho

Riwaya ilimalizika usiku wa sita. Bibi alipotajiwa muuaji alitikisa kichwa, akauliza kama kuna kitabu kingine. Mvua ilikuwa ikiendelea, na ziwani radi zilimulika.

Asubuhi yake alichukua kahawa za kutafuna, akazifunga katika kipande cha jani la mgomba, akamwambia mjukuu amshike mkono kwa sababu njia ilikuwa na utelezi. Walipita kwenye mstari wa mirumba. Mjane, ambaye sasa ni mkongwe kama yeye, alikuwa amekaa mlangoni akianua maharage yaliyonyeshewa. Bibi aliamkia, akafungua jani, akatafuna kahawa moja mbele yake, kisha akampa zilizobaki.

Mjane alizipokea kwa mikono miwili. Hakuzitafuna. Aliziweka juu ya paja lake, akamwuliza msichana anasoma kidato cha ngapi.